Mono ya Nini?

Mwingereza anaweza kuandika neno moja juu ya boksi dogo, "mono", akaliacha hapo, na mteja akaridhika. Kiswahili hakimruhusu muuzaji uvivu huo. Neno likishakuwa sifa ya kitu, kwetu linadai kiunganishi, na kiunganishi kinadai ngeli: mfuo wa mono, sindano ya mono, kichwa cha mono. Wa, ya, cha. Naamini fedha nyingi zinazopotea katika kununua kifaa cha kuchezea santuri za zamani hupotea kwa sababu mnunuzi alisikia "mono" na hakungoja kusikia ni mono ya nini. Mambo ni matatu, na hayafungamani kama tunavyodhani. Santuri yenye mfuo wa mono inaweza kuchezwa kwa kichwa cha stereo chenye sindano isiyo ya upande wowote, na muziki ukatoka safi kabisa.

Neno lenyewe limechelewa kufika. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa kwa ajili ya His Master's Voice, hakuna aliyerekodi "mono". Zilikuwa santuri, basi. Jean Bosco Mwenda alipopiga gitaa mbele ya mashine ya kurekodia ya Hugh Tracey kule Jadotville, Katanga, mwaka 1952, na "Masanga" ikanaswa, ile nayo ilikuwa santuri tu. Sifa ilikuja baadaye, stereo ilipoingia madukani mwishoni mwa miaka ya 1950 na kukilazimisha cha zamani kitafutiwe jina. Ndivyo simu ilivyogeuka kuwa "simu ya mezani" siku watu walipoanza kutembea na nyingine mfukoni.

Na jozi yenyewe imekaa upogo. Wengi huchukulia kwamba mono ni moja na stereo ni mbili. Kwa Kigiriki monos ni peke yake, sawa, lakini stereos haihusiani na mbili. Ni kitu kigumu, kilichojaa, chenye umbo la pande zote. Waliolichukua neno hilo walitaka kutaja sauti yenye upana na kina, ambayo msikilizaji angeiona kama imesimama mbele yake chumbani. Spika mbili zilikuwa njia ya kufika huko. Kwa hiyo mtu akiniletea "sauti ya mkondo mmoja" na "sauti ya mikondo miwili", namshukuru kwa bidii yake na kumwambia kwamba amezitafsiri waya, sauti ameiacha. Mono na stereo zimeshakaa midomoni mwa watu, tuziache. Kinachotupungukia ni majina ya sehemu.

Ile njia nyembamba inayozunguka santuri kutoka ukingoni mpaka karibu na lebo huitwa kila jina: mstari, mchirizi, mtaro, mfereji. Mstari hauna kina. Mtaro na mfereji ni kazi ya manispaa. Mchirizi unapendeza masikioni, ila mchirizi hujitiririkia wenyewe, na huu umechongwa kwa makusudi. Mimi nashika mfuo, alama yenye kina iliyopitwa na kitu chenye ncha.

Ukiukata mfuo na kuutazama kwa mbele, una umbo la V, kuta mbili zinazokutana kwa nyuzi 90. Tangu Emile Berliner apate hataza ya gramafoni yake mwaka 1887, mfuo wa santuri bapa nyingi umekuwa ukiyumba kushoto na kulia, na kuyumba huko ndiko muziki. Thomas Edison, aliyetangulia kwa miaka 10, alikwenda njia nyingine: katika silinda zake ncha ilipanda na kushuka. Mlalo kwa mmoja, wima kwa mwingine, na wateja wakachagua upande. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI, ndiye aliyeomba hataza Desemba 1931 ya kuzitumia harakati zote mbili katika mfuo mmoja. Kila ukuta ulipewa sauti yake, na ukuta mmoja ukitikisika peke yake, sindano huenda mshazari. Viwanda vilichukua robo karne kumfuata. Santuri za stereo za aina hiyo zilianza kuuzwa kati ya 1957 na 1958.

Hapo pana hesabu ndogo ambayo mnunuzi akiielewa, nusu ya maswali yake yamekwisha. Kinachofanana katika kuta mbili huisukuma sindano kushoto na kulia. Kinachotofautiana huipandisha na kuishusha. Santuri ya mono haina tofauti kati ya ukuta na ukuta, kwa hiyo hakuna noti hata moja ya muziki iliyoandikwa kwa wima. Chochote kinachoirusha sindano juu ni uchafu: vumbi lililoganda, mikwaruzo, mngurumo wa mota. Na kuna mwingine asiyeonekana, ambaye naomba kumwita mbano. Chombo kilichochonga mfuo kilikuwa na makali bapa, lakini ncha inayousoma ni ya mviringo. Kila mfuo unapokata kona kali, upana wake hupungua, na ncha hubanwa na kunyanyuliwa. Wimbo wenye sauti kali za juu huinyanyua ncha hivyo mara maelfu kwa sekunde. Kichwa cha stereo huyasikia yote hayo kwa uaminifu na kuyapeleka kwenye spika, kama ukungu wa mikwaruzo unaotanda kushoto na kulia huku mwimbaji akiwa katikati.

Nimesema kichwa, na sina budi kulitetea neno hilo. Waingereza wanakiita kifaa hiki kwa jina lilelile la ganda la risasi na la kopo la wino wa printa, jina ambalo asili yake ni karatasi iliyokunjwa kuwa bomba. Halina habari yoyote na sauti. Wajerumani wanasema Tonabnehmer, mtwaa sauti, na hapo angalau kazi imetajwa. Wafaransa wanasema cellule, kichumba. Sisi tukisema katriji, kijana wa dukani atatuletea wino. Kinasa sauti kimeshachukuliwa na mashine ya kanda. Kipaza sauti kinabeba mizigo miwili tayari, cha kusemea na cha kutolea, mpaka fundi mitambo wa harusi hukuuliza unataka kipi. Kwa muda nilivutiwa na kidaka sauti, maana kudaka ni kukamata kitu kikiwa hewani, lakini kwa watu wa Lamu na Unguja kidaka ni kile kishubaka cha ukutani kinachowekwa vyombo vya kaure, na sikutaka kuwagombanisha. Mafundi wa redio kaseti walikwisha kututatulia: wao husafisha hedi, yaani kichwa, kwa spiriti. Lori lina kichwa, treni ina kichwa, na mkono wa mashine ya santuri nao una kichwa mwishoni.

Ndani ya kichwa kuna kijiti chembamba, mbele yake chembe ya almasi, nyuma yake sumaku au koili. Kijiti kikitikisika, umeme mdogo sana huzaliwa. Ikiwa kinachosogea ni sumaku, umeme huwa wa milivolti 3 hadi 5 hivi. Ikiwa ni koili, mara nyingi huwa sehemu ya kumi ya hapo au pungufu, na amplifaya yako lazima iwe na mahali pa kuukuzia.

Cha mono, basi, ni kichwa ambacho kwa upande wa wima ni kiziwi. Uziwi huo hupatikana kwa njia mbili. Kipo kichwa kilichotengenezwa tangu mwanzo na koili moja iliyoelekezwa kusikia kuyumba peke yake; Denon DL-102 ni cha ukoo huo, na Ortofon CG 25 Di pia. Ukigeuza DL-102 nyuma unakuta pini mbili tu, na anayekiona kwa mara ya kwanza hudhani nyingine zimevunjika. Kipo pia kichwa chenye uti wa stereo, koili za kushoto na za kulia zikaunganishwa ndani kabla ya umeme kutoka. Ortofon 2M Mono hufanya hivyo, na pini zake ni nne kama kawaida.

Kuna wakusanyaji wanaokiita hiki cha pili mono bandia. Sikubaliani nao hata kidogo. Unapounganisha kushoto na kulia, kile kinachopanda upande mmoja hushuka upande wa pili kwa kiasi hichohicho, na viwili vinafutana. Kinachobaki ni kuyumba. Sikio halina namna ya kujua kama ufutaji ulifanywa na koili iliyozaliwa pekee au na kipande cha waya. Hata swichi ya mono kwenye amplifaya ya zamani hufanya hesabu ileile, na swichi hiyo, ikiwa unayo, ndiyo kichwa cha mono cha bei rahisi kuliko vyote. Tofauti ya kweli iko kwenye waya. Kichwa chenye pini nne zilizoshikana ndani kikiungwa kwenye amplifaya ya stereo, waya wa ardhi huweza kufanya mzunguko na kuleta mvumo mzito wa chini. Dawa yake ni kuunga upande mmoja tu, kisha kuigawa sauti mbele ya safari.

Swali zito zaidi kuhusu kichwa cha mono halimo kwenye jina lake kabisa. Je, kijiti chake kinaweza kwenda wima? Vichwa vya miaka ya 1950 vilitengenezwa kabla stereo haijawa bidhaa, na hakuna aliyeona sababu ya kukipa kijiti uhuru wa kupanda na kushuka. Kichwa cha namna hiyo kikiwekwa juu ya santuri ya stereo, kinalima. Kuta zinazotaka kukinyanyua hukatwa na almasi isiyonyanyuka. Ndiyo sababu santuri za mwanzo za stereo zilikuja na onyo zisichezwe kwa vichwa vya mono, na onyo hilo lilikuwa la upande mmoja tu: santuri ya mono haijapata kudhuriwa na kichwa cha stereo kwa sababu ya ustereo wake. Sifa hii ya kukubali kusukumwa, vitabu vya Kiingereza huiita kwa neno ambalo ukilifungua kwenye kamusi ya ofisini utapewa "utii", na nimewahi kusoma mahali kichwa cha santuri kikisifiwa kwa utii wake. Ulegevu nao una harufu ya kosa la maadili. Darasa la fizikia linatosha: unyumbufu. Ukinunua kichwa cha mono cha zamani, uliza unyumbufu wake wa wima kabla ya kuuliza bei.

Sindano ndiyo inayotuchanganya kuliko vyote, kwa sababu hapo zamani jina lilikuwa la kweli mno. Gramafoni ya kupiga handeli ilitumia sindano za chuma hasa, zilizouzwa ndani ya vikebe vidogo vyenye picha, na mwenye adabu alibadilisha sindano kila upande wa santuri. Kichwa cha gramafoni kililala juu ya mfuo kwa uzito uliopita gramu 100. Chuma kilisagika kikachukua umbo la mfuo. Shelaki, ule utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, ilikuwa ngumu kiasi cha kufanya kazi ya tupa. Leo uzito ni gramu 2 au 3, ncha ni almasi, na inadumu mamia ya saa. Jina limebaki, na limepanuka. Mtu husema sindano imekwisha akimaanisha ncha, kijiti chote, au hata kichwa kizima.

Kutokana na upana huo huzaliwa bidhaa iitwayo "sindano ya mono". Ncha ya almasi haijui mono wala stereo. Inajua ukubwa. Santuri za 78 (mizunguko kwa dakika) zina mfuo mpana, na ncha yake huwa na nusu kipenyo cha mikroni 65 hadi 76. Columbia walipotoa santuri ndefu ya 33⅓ Juni 1948, mfuo ulisinyaa na ncha ikashuka hadi mikroni 25. Huo ndio mfuo wa mono wa miaka ya 1950. Stereo ilipokuja ikashuka tena mpaka 18 hivi. Na hapa ndipo wengi hushangaa: santuri za mono zinazochapishwa upya leo huchongwa kwa mashine za stereo zilizopewa sauti moja, kwa hiyo mfuo wake ni mwembamba, na 18 inautosha. Sindano ya mono inaweza kuwa 65, 25 au 18. DL-102 ina 17. CG 25 Di inataja yake kwenye jina, na ndugu yake CG 65 Di vilevile. Laiti watengenezaji wote wangekuwa na ustaarabu huo.

Marekani na Uingereza hawasemi mikroni sana. Wanasema mil, yaani sehemu ya elfu ya inchi, ambayo ni mikroni 25.4. Fundi wa kwetu aliyezoea nondo za mili kumi na mbili akisoma sindano ya mil 1 ataona milimita nzima, msumari. Mpe mikroni, mtaelewana.

Umbo nalo lina majina yake, na hapa nina furaha ya kusema kwamba vitabu vya hisabati vya shule vimetutangulia. Kiingereza hutumia majina mawili kwa ncha moja ya kawaida, moja likiitazama kama pia, jingine kama tufe, na wanunuzi huuliza ipi bora. Ni ileile: mwili ni pia, na kileleni mwake imelainishwa kuwa tufe. Ya pili ni duaradufu, pana ukiitazama kwa mbele na nyembamba ukiitazama kwa pembeni, inayoingia kwenye kona kali bila kubanwa sana. Kwa santuri za mono za zamani napenda ncha ya pia. Duaradufu husoma vizuri zaidi, na tatizo ni kwamba husoma kila kitu, hata makovu.

Juu ya makovu kuna jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya maelezo ya kichwa chochote. Santuri iliyochezwa baa kwa miaka, chini ya sindano nzito iliyolika, haikuumia mfuo mzima. Iliumia kwenye mkanda fulani wa ukuta, kwa kimo ambacho sindano ile iligusa. Ncha kubwa zaidi hukaa juu zaidi ndani ya V, na ndogo huzama. Ukibadilisha kutoka 18 kwenda 25, au kinyume chake, unaweza kuangukia ukuta ambao haujaguswa, na wimbo uliodhani umekufa ukaamka. Inaweza pia isitokee. Lakini ndiyo sababu pekee inayonifanya niheshimu mtu mwenye sindano tatu na kichwa kimoja kuliko mwenye vichwa vitatu vya fahari.

Chukua rundo la kawaida la mkusanyaji wa huku: shelaki chache za 78, santuri ndogo za 45 za Equator Sound ya Nairobi za miaka ya 1960, taarabu ya lebo ya Mzuri ya Mombasa, na matoleo mapya yaliyochapishwa Ulaya. Nyingi za hizo 45 ni mono. Mwenye rundo hili simshauri aanze na kichwa cha mono. Aanze na kichwa cha stereo ambacho sindano zake hubadilishwa kwa vidole. Uti wa Audio-Technica VM95, kwa mfano, hupokea sindano za ukoo wake zote, ikiwemo ya mikroni 76 kwa ajili ya 78. Aongeze swichi ya mono. Kama amplifaya haina, waya mbili zilizogawanyika umbo la Y, moja ikielekezwa kinyume cha mwenzake, hufanya kazi hiyohiyo. Kwa za 78 na santuri ndefu za kabla ya 1954 atakumbana pia na suala la besi na treble, maana kabla ya mwaka huo kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha kuzipunguza na kuziongeza wakati wa kuchonga. Kiasi fulani atakirekebisha kwa vitufe vya amplifaya na sikio lake.

Kichwa cha mono chenye koili moja na ncha ya 25 nakiweka kwa mtu ambaye rafu yake imejaa santuri ndefu za miaka ya 1950 na ambaye hana stereo ndani ya nyumba, au ana mkono wa pili kwenye mashine. Huyo atasikia faida, nayo si ndogo.

Imebaki lebo ya santuri yenyewe. Miaka ya 1960 mono ilipoanza kuonekana ya kizamani, kampuni kadhaa zilichukua rekodi za mono, zikazigawa mara mbili kwa vichujio, upande mmoja zikabakiza besi na mwingine treble, wengine wakachelewesha upande mmoja kidogo, kisha zikaandika stereo kwenye jalada. Capitol walilipa jambo hilo jina zuri la Duophonic. Santuri ya namna hiyo ukiibonyezea swichi ya mono hairudi ilikotoka, kwa sababu tofauti iliyotiwa kwenye kuta zake ni ya kweli hata kama stereo yake si ya kweli, na kuzijumlisha sauti mbili zilizopishana kwa muda hula baadhi ya noti. Hiyo ichezwe kama stereo, na toleo la mono litafutwe kwingine.